Sadini za mbalamwezi
Mwezi ukiwa mpevu, Uvira hula vingine. Wavuvi wa ndagala huwavuta samaki hao wadogo kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda juu ya Ziwa Tanganyika, taa hazina kazi, mitumbwi inalala ufukoni na fungu la ndagala sokoni linapanda bei. Ndipo kopo la sadini linapoingia jikoni, samaki wa Atlantiki, kutoka Moroko, analiwa na watu wanaosikia mawimbi ya ziwa wakiwa mezani! Sicheki, maana makala ya kupikia ni ghali na sombe, majani ya muhogo, inataka kutwangwa, kisha kuchemka muda mrefu. Na mama wa hapa hamwagi sadini hivi hivi juu ya bugali: anakaanga kitunguu na nyanya kwa mawese, anatia pilipili, anaongeza maji kidogo, sadini mwishoni zisivurugike. Kopo moja, watu sita, na watoto wanagombania mchuzi. Katika vyakula vya dukani, supu ya pakiti ndiyo siitaki, chumvi tupu. Sombe iliyogandishwa? Ndugu zetu wa Brussels wanaonunua nawaelewa; mtu wa Mulongwe, hapa Uvira, mwenye muhogo nyuma ya nyumba, hapana.