Kabla pesa ya upatu haijaishia kwenye msumeno

Chukulia mama wa Jang'ombe aliyesubiri zamu yake ya upatu miezi kumi. Zamu imefika. Kijana wake amemaliza mafunzo ya useremala, anafanyia kazi uani, na anataka jigsoo, ule msumeno wa umeme wa kukatia mapinda na maumbo. Oda anayo tayari: vipande kumi na viwili vya urembo wa roshani kwa nyumba moja ya Mji Mkongwe, na mwenye nyumba ameshatoa arbuni.

"Mama, Darajani ipo ya bei ndogo, tena imo ndani ya boksi lake zuri," anasema kijana.

"Na ikiharibu mbao, mwanangu, arbuni ya watu tutairejesha kwa kipi?"

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Urembo wa roshani ni ile mbao iliyotobolewa mfano wa lesi, kama inavyoonekana kwenye Dispensari ya Zamani pale Mizingani, jengo ambalo Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887 na likamalizika 1894, miaka michache baada ya yeye kufariki. Atakayekata kipande kipya cha kuziba pengo kwenye roshani ya zamani hana nafasi ya kubahatisha. Kipande chake kitakaa ubavuni mwa vya zamani, na kila apitaye njiani atavitazama kwa chini.

Na chini ndiko jigsoo hukosea. Bledi yake, yaani kile kisu chembamba chenye meno, imeshikwa juu tu. Ncha ya chini inaning'inia. Fundi anafuata mstari wa penseli, juu anauona umekatwa sawasawa, akigeuza mbao anakuta upande wa pili umekwenda pembeni milimita tatu. Kwenye rafu ya jikoni hilo halimshughulishi mtu. Kwenye vipande kumi na viwili vilivyopangwa mstari mmoja, kila kimoja kitakuwa na ua lake.

Mashine hii ina asili ya nyumbani. Mwaka 1946 Albert Kaufmann, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Scintilla, mjini Solothurn, Uswisi, aliitoa sindano ya cherehani ya mkewe akafunga bledi ya msumeno mahali pake. Mwaka uliofuata kampuni ikaanza kuuza jigsoo kwa jina la Lesto. Mkewe alisema nini, kila mwenye cherehani ndani anaweza kukisia.

Mama mwenye cherehani ana faida nyingine hapa. Anajua kuwa sindano ya kushonea kitambaa chepesi siyo ya kushonea jinzi, na kwamba uzi ukikatikakatika hakimbilii kununua cherehani jipya. Jigsoo ni vivyo hivyo. Vijana wengi humaliza fedha zote kwenye mashine, kisha wakakata kila kitu kwa ile bledi moja iliyokuja ndani ya boksi, mpaka inaungua na kuwa nyeusi.

Kwenye mashine yenyewe mambo ya kutazama ni machache. Kitako, ile bamba inayolala juu ya mbao, kiwe kizito na kinyoofu. Cha bati jepesi hupinda mara ya kwanza mashine inapoanguka, na uani mashine itaanguka. Nyuma ya bledi pawe na kigurudumu chenye mfereji kinachoishikilia isirudi nyuma. Kigurudumu hicho kikichezacheza, hakuna ufundi utakaonyoosha mkato. Spidi iweze kupunguzwa. Ubavuni huwa kuna swichi yenye namba, mara nyingi kutoka 0 hadi 3, inayoifanya bledi ipige mbele inapopanda ili ikate haraka. Kwa urembo swichi hiyo ibaki kwenye 0. Wati nyingi zilizoandikwa kwenye boksi hazisaidii chochote katika kukata ua.

Kuna na suala la umeme. Mashine zilizotumika kutoka Japani ni za volti 100, na umeme wa Zanzibar ni volti 230. Ikichomekwa bila transfoma, moshi utatoka kabla ya unga wa mbao. Kibandiko cha ubavuni kisomwe kabla ya bei kutajwa.

Sasa bledi, ambako ndiko fedha inakoonekana. Kwanza shina lake: zenye namba inayoanza na T zina vimasikio viwili juu, na jigsoo nyingi za siku hizi hukubali hizo tu. Namba hupigwa ubavuni mwa bledi yenyewe, na makampuni mengi hutumia namba zilezile za Bosch, kwa hiyo kijana akizijua chache anaweza kuagiza popote. T144D ina meno makubwa, inakata haraka na kuacha ukingo umechanika. Ni ya kupasulia mbao zitakazopigwa randa baadaye. T101B ina meno madogo zaidi, inaacha mkato safi kwenye mstari ulionyooka. T101AO ni nyembamba kuliko zote hizo, meno yake yamebanana, na ndiyo inayogeuka ndani ya pinda dogo la petali bila kuunguza ukingo. T118A ni ya chuma. Muuzaji akiitoa kwa ajili ya mbao, huyo anataka kumaliza alichonacho.

T101AO lakini ina mpaka wake, milimita 15 hivi za mbao. Zaidi ya hapo huanza kupinda ndani, na lile kosa la milimita tatu linarudi. Mbao nene ya roshani ni afadhali ipunguzwe kwa randa kama mfano wa zamani unaruhusu, au ikatwe kwa bledi pana zaidi, na yale mapinda madogo yamaliziwe kwa patasi na tupa. Wazee wa kazi hii hawakuwahi kuona aibu kushika tupa.

Mbao nayo ina tabia yake. Mfenesi, unaotumika sana Unguja, hukatika vizuri. Mvule wakati mwingine huficha vijiwe vya chokaa ndani yake, na msaji una chembe kama za mchanga. Zote mbili hula meno. Kwa mbao hizo zipo bledi zenye herufi F mwishoni, kama T101BF na T101AOF, za chuma cha aina mbili kilichounganishwa. Bei iko juu, lakini moja humaliza kazi ambayo za kawaida kadhaa zingefia njiani. Hewa ya bahari huzishika kutu zote, basi zihifadhiwe kwenye kopo lenye kifuniko, zimepakwa mafuta kidogo.

Kwa kuwa meno hukata yakipanda, upande wa juu ndio unaochanika. Mchoro basi uchorwe nyuma ya mbao, uso mzuri ulale chini. Matundu ya ndani yaanzwe kwa drili, na mashine iachwe iende kwa mwendo wake. Anayesukuma ndiye anayeipinda bledi. Na kwa sababu kazi ni ya uani penye watoto, waya uchomolewe kila bledi inapobadilishwa, na barakoa ivaliwe, maana unga wa mvule huwasha pua na koo.

Mama wa Jang'ombe anaingia dukani na kipande cha mfenesi ndani ya mkoba, pamoja na skwea ya mwanawe.

"Mama, sisi hapa tunauza mashine, hatukati mbao," anasema muuzaji wa kwanza.

"Haya baba, Mungu akupe riziki. Tutanunua kwa atakayekubali tukate."

Duka la tatu linakubali. Kijana anakata pinda moja kwa ile mashine ya boksi zuri na jingine kwa mashine iliyopauka kidogo kwa kukaa rafuni, kisha anaviweka vipande viwili juu ya kaunta na kuvisimamishia skwea ukingoni. Cha kwanza mwanga unapita kati ya skwea na mbao. Cha pili haupiti.

Wanachukua ya pili, bila mkoba wake wa plastiki, ambao unauzwa mbali. Fedha ya mkoba inanunua paketi ya T101B na paketi mbili za T101AO, na inabaki nauli ya daladala.