Bosnia: Mzigo ni mmoja, kampuni za reli ni mbili

KWA miongo mingi mawe ya chuma kutoka migodi ya Ljubija, karibu na mji wa Prijedor kaskazini magharibi mwa Bosnia na Herzegovina, yamekuwa yakisafirishwa kwa treni hadi kiwanda cha chuma cha Zenica, katikati ya nchi hiyo. Safari yote iko ndani ya nchi moja. Hata hivyo, njiani reli ya kampuni moja inakoma na reli ya kampuni nyingine inaanza, kila moja ikiwa na wakurugenzi wake, vichwa vyake vya treni, karakana zake na madeni yake.

Nchi yenyewe ni ndogo. Ina eneo la takriban kilomita za mraba 51,000, yaani haifikii ukubwa wa mkoa wetu wa Morogoro, na sensa ya mwaka 2013 ilihesabu watu wapatao milioni 3.5. Reli zake zote hazizidi sana kilomita 1,000. Kwa mtaji wa namna hiyo, hata kampuni moja ingelazimika kubana matumizi ili ipate faida.

Chanzo cha mambo haya ni vita ya mwaka 1992 hadi 1995. Mkataba wa Dayton uliomaliza vita hiyo uliibakiza Bosnia kuwa nchi moja yenye sehemu mbili zenye serikali zake: Shirikisho, lenye Wabosniaki na Wakroatia wengi, na Republika Srpska, yenye Waserbia wengi. Baadaye ikaongezwa Wilaya ya Brčko, isiyo chini ya serikali ya upande wowote. Shirika la reli lililokuwa moja wakati wa Yugoslavia likawa mawili. Shirikisho lilibaki na takriban kilomita 600, na makao yake yako Sarajevo. Republika Srpska ilipata zaidi ya kilomita 400, na makao yake yako Doboj.

Waliogawana walitazama ramani ya majeshi, hawakutazama ramani ya mizigo. Ukitaka kwenda kwa treni kutoka Sarajevo hadi Bihać, miji yote miwili ikiwa ya Shirikisho, lazima upite Doboj, Banja Luka na Prijedor, ambayo yote ni ya Republika Srpska. Tuzla na Lukavac, kwenye makaa ya mawe, koki na magadi, ziko upande wa Shirikisho, lakini treni zake za kuelekea njia kuu zinapitia Doboj. Aidha, shehena ya upande wowote inayotafuta bahari kwa upande wa kusini inashuka kupitia Sarajevo na Mostar hadi bandari ya Ploče, ambayo iko nchini Kroatia. Bosnia ina kipande kifupi cha pwani pale Neum, lakini hakina bandari ya mizigo.

Walioandika mkataba wa Dayton waliliona tatizo hilo. Kiambatisho cha tisa kilielekeza kuundwa kwa mashirika ya umma ya pamoja, na reli ilitajwa humo. Shirika hilo lipo, na ofisi zake ziko Doboj. Tatizo ni kwamba halina njia za reli wala treni. Linaratibu, linaiwakilisha nchi katika mikutano ya kimataifa na kusaidia mikopo kutoka nje, lakini mapato na mali viko kwa kampuni mbili, na juu ya kampuni hizo kuna serikali mbili ambazo ni nadra kukubaliana. Kwa hiyo nchi yenye reli ya kilomita 1,000 ina menejimenti tatu.

Wasomaji wa umri wangu hapa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sana. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika letu la reli la pamoja nalo liligawanywa, na kila nchi ikabaki na kipande chake. Tofauti ni kwamba sisi tuligawana kwa mipaka ya nchi kamili, na kila moja iliendelea na mizigo yake. Wenzetu wa Bosnia walikata katikati ya safari ya mzigo uleule.

Mfano unaosemwa sana ni ule wa treni za Talgo. Reli ya Shirikisho iliagiza Hispania treni tisa za abiria, kwa gharama ya takriban euro milioni 67, na baadhi zilikuwa na mabehewa ya kulala. Zilifika mwaka 2010. Treni ya kulala ni ya safari ndefu, na safari ndefu kutoka Sarajevo inamaanisha kuvuka upande wa pili wa nchi na kisha kuingia nchi jirani. Makubaliano ya kufanya hivyo hayakuwapo, na njia zenyewe zilikuwa zimechoka. Treni zikakaa bila kazi kwa miaka kama sita. Zilianza kwenda Bihać mwaka 2016, na mwaka 2017 zikaanza kwenda Mostar na Čapljina. Wakati huohuo treni ya Sarajevo na Belgrade ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 2012, na ile ya Zagreb ikafutwa mwishoni mwa 2016. Nunua kwanza, kisha utafute pa kupeleka: huo si mpango wa biashara, na aliyelipa ni mlipa kodi.

Abiria, hata hivyo, hawajawahi kuwa ndio wanaoilisha reli hii. Chakula chake ni mawe ya chuma, makaa ya mawe na koki, mizigo mizito isiyo na haraka, ambayo lori haliwezi kuibeba kwa bei nafuu. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu wateja wakubwa wa namna hiyo ni wachache mno. Mkubwa miongoni mwao alikuwa kundi lililokuja kuitwa ArcelorMittal, lililoingia Zenica na Ljubija mwaka 2004. Mwaka 2024 lilifunga kiwanda chake cha koki cha Zenica. Makaa ya kutengenezea koki ndiyo yaliyokuwa yakipakuliwa Ploče na kupandishwa kwa treni hadi kiwandani, kwa hiyo kufungwa kwa matanuru yale kulikuwa pigo kwa reli moja kwa moja.

Oktoba mwaka huohuo mvua kubwa na maporomoko ya mawe na tope yaliua watu zaidi ya 20, wengi wao katika eneo la Jablanica, na kuikata reli ya kwenda baharini. Treni za Ploče zilisimama kwa wiki kadhaa. Miaka kumi kabla ya hapo, Mei 2014, mafuriko yalizipiga Doboj, Maglaj na Šamac, yaani kwenye njia hiyohiyo lakini upande wake wa kaskazini, mahali ambapo kampuni hizo mbili zinakutana.

Upande wa Republika Srpska hali haijawa afadhali. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kuiunda upya reli yake, ukihusisha kulipa madeni na kupunguza wafanyakazi. Kwa maoni yangu mkopo wa namna hiyo unasaidia nusu tu ya mgonjwa. Kuunganisha kampuni hizo tena ni jambo ambalo wanasiasa wa pande zote mbili hawatalikubali leo. Lakini bei moja ya kutumia njia, ratiba moja ya treni za mizigo na karakana moja ya vichwa vya umeme havihitaji mtu yeyote abadilishe bendera yake. Shirika lile la Doboj lingeweza kupewa kazi hizo tatu kesho.

Muda wa kusubiri ni mfupi. Juni 2025 ArcelorMittal ilitangaza kuuza kiwanda cha Zenica, kilichoko Shirikisho, pamoja na hisa zake za migodi ya Prijedor, iliyoko Republika Srpska. Mnunuzi ni kampuni moja, H&P ya Zvornik, mji wa Republika Srpska. Kwenye meza ya kujadili nauli ya tani moja, upande wa mteja atakaa mtu mmoja na upande wa reli watakaa wawili, kila mmoja akiwa na deni la kulipa.