Nani sasa atawaambia watu wa Iringa na Mbeya?

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2016/17 ulionyesha kuwa maambukizi Iringa ni asilimia 11.3 na Mbeya asilimia 9.3. Utafiti uliofuata, wa 2022/23, ulikuta Iringa asilimia 11.1 na Mbeya 9.6. Njombe, iliyomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, inaongoza nchi nzima kwa asilimia 12.7. Kiwango cha taifa ni asilimia 4.4. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tupo palepale.

Sehemu ya takwimu hizo, ajabu, ni habari njema. Wenye virusi wanaotumia dawa hawafi tena kama zamani, hivyo wanaendelea kuhesabiwa. Zaidi ya hapo, anayemeza ARV ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Ni wangapi Mafinga, Ilula, Mbalizi au Kyela wamewahi kuelezwa jambo hili likaeleweka? Takwimu isiyofafanuliwa humwacha msomaji na hofu tu, na mwenye hofu hukwepa kupima.

Kwa miaka mingi kazi ya kufafanua ilifanywa na miradi: waelimishaji rika waliowafuata madereva na wahudumu wa baa kwenye barabara kuu ya Zambia, vipindi vya redio za mikoani, kampeni za tohara kinga. Fedha nyingi zilitoka Marekani. Januari 2025 Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje, na watumishi wa miradi wakaambiwa waweke kalamu chini. Baadhi ya huduma zilirejea. Lakini fedha zinapopungua, wa kwanza kuachwa ni yule aliyekuwa akitembea mtaa kwa mtaa akizungumza na watu.

Serikali haikukaa kimya. Bajeti ya 2025/26 ilileta tozo mpya, za vileo zikiwemo, ili kuziba pengo kwenye Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI. Tunaipongeza. Hofu yetu ni kwamba fedha hizo zitaishia kwenye dawa na vitendanishi, na elimu ikabaki ya maadhimisho. Vyombo vya habari navyo huamka Desemba 1, Siku ya UKIMWI Duniani, na kulala Desemba 2.

Pengo la taarifa halikai wazi. Mwaka 2011 maelfu walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya kienyeji cha Sh500, na wapo walioacha ARV wakiamini wamepona. Mei 2020 takwimu za Uviko-19 ziliacha kutangazwa zikiwa zimefikia wagonjwa 509, na kwa zaidi ya mwaka kila mtaa ukajitungia takwimu zake na dawa zake. Leo muuzaji wa mchanganyiko wa mizizi wa Mwanjelwa hahitaji hata meza: anatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp, nayo inafika Makete kabla mhudumu wa afya hajafunga viatu.

Hakuna anayeweza kusema kuwa hatujui namna ya kufanya. Mwaka 1973, kwa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vijijini wakisikiliza redio, wakisoma vijitabu na kubishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Barabara zilikuwa mbovu na simu za mkononi hazikuwepo. Leo simu zimejaa mifukoni, na bado kijana wa Uyole anajua msimamo wa Ligi Kuu kuliko anavyojua kwamba ipo dawa ya kumkinga asiambukizwe VVU.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kumjibu mwananchi anayeomba taarifa. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, na wananchi husomewa mapato na matumizi. Hakuna kinachozuia mganga mfawidhi wa zahanati kupewa nafasi kwenye mkutano huohuo aeleze: wangapi wamepima, wangapi wameanza dawa, wangapi wamepotea kliniki, na kwa nini. Bila kutaja jina la mgonjwa hata mmoja.

Tunawataka wakurugenzi wa halmashauri za Iringa, Njombe na Mbeya waliweke jambo hili kwenye ajenda kabla ya robo hii ya mwaka kwisha, na watenge fedha za ndani kwa waelimishaji rika walioachwa na miradi. Wanajulikana kwa majina na wengi bado wanaishi mitaani kwetu. Madiwani watakaopitisha bajeti isiyo na kifungu hicho waulizwe sababu na wapiga kura wao, hadharani, kwenye mkutano wa kijiji unaofuata.