Mtoto Aanze Lini Kufunzwa Kuogelea?

Nyumbani kwetu Likoni kumekuwa na mjadala uliochukua karibu mwezi mzima, na mpaka leo kila mtu angali anavutia kwake. Mwenyewe anayejadiliwa hana habari. Ni binti wa dada yangu, ana miezi saba, na kazi yake kubwa kwa sasa ni kutia vidole vya miguu kinywani.

Mambo yalianza hivi. Dada ni yaya katika nyumba moja huko Nyali. Nyumba hiyo ina bwawa la kuogelea, na kila Jumatano huja mwalimu kumfunza mtoto wa mwenye nyumba. Mtoto huyo ana miezi mitano! Mwalimu humpulizia usoni, mtoto hufumba macho, kisha huzamishwa kidogo na kuibuliwa. Dada alirudi jioni akiwa na furaha tele. "Ikiwa wa matajiri wanaanza na miezi mitano, huyu wetu anayelala akisikia mawimbi anangoja nini?" Babu, ambaye alivua samaki tangu ujana wake, alimuunga mkono papo hapo. Eti yeye alitupwa na babake kutoka kwenye ngalawa na akajua kuogelea siku iyo hiyo. Samaki mkunje angali mbichi, akasema. Nyanya naye akaja juu. Mtoto hatii mguu baharini mpaka aanze shule, basi! Nyanya ana sababu yake. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka hapa Mtongwe na watu 272 wakafa, wawili kati yao walikuwa majirani zake. Tangu siku hiyo, kwake yeye bahari ni ya kuvukwa tu, tena kwa shida.

Mimi kwa maoni yangu naona wote watatu wamekosea, ijapokuwa kila mmoja ana lake la kweli.

Nianze na babu, kwa heshima zote. Wale waliotupwa wakaogelea ndio wanaotusimulia. Waliotupwa wakazama watatusimulia vipi? Hata hao walionusurika, wengine wao waliingiwa na hofu ya maji isiyowatoka mpaka leo.

Tuje kwa dada. Ni kweli kwamba mtoto mchanga akitiwa uso majini koo hujifunga na pumzi husimama kwa muda mfupi. Watu wakiona hivyo hudhani anajua kuogelea. La hasha! Hiyo ni kama vile jicho linavyojifumba mdudu akikurukia, haina uhusiano na kujua. Tena hali hiyo huanza kupotea mtoto afikapo miezi sita hivi. Kadhalika mtoto mdogo hupoteza joto la mwili upesi, na akimeza maji mengi ya bwawa chumvi katika damu yake hupungua, hata anaweza kushikwa na degedege.

Mwalimu wetu wa Bayolojia alinisaidia kutafuta wataalamu wanasema nini, na nilishangaa kuona kwamba hata wao wamewahi kubadili mawazo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikuwa kikisema mtoto hayuko tayari kufunzwa mpaka atimize miaka minne. Mwaka wa 2009 utafiti ukaonyesha kwamba watoto wa huko wa kati ya mwaka mmoja na minne waliokuwa wamefunzwa walikuwa na hatari ya kuzama iliyo ndogo kwa asilimia 88, ingawa waliochunguzwa hawakuwa wengi. Mwaka uliofuata madaktari wakalegeza msimamo. Sasa wanasema watoto wengi wanaweza kuanza wakishapita mwaka mmoja. Chini ya hapo, wanasema, hakuna ushahidi kwamba mafunzo yanamkinga mtoto asizame. Kwa hivyo yule wa Nyali anacheza na maji, na kucheza si vibaya akiwa mikononi mwa mtu mzima. Ninachokiogopa ni mamake kuamini kwamba sasa ana mtoto anayejua kuogelea, halafu ageuke kidogo kujibu simu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo sipendi kulisema. Mwaka jana, mifereji ilipokauka mtaani kwetu, nilinunua maji kwa mwenye mkokoteni nikajaza ndoo ya lita 20. Niliiacha mlangoni mwa jikoni bila kifuniko nikaenda kumalizia insha. Mtoto wa jirani, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, akajikongoja mpaka pale, akainama, kichwa kikatangulia. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akishaingia hawezi kujiinua. Hakulia. Hakuna aliyesikia chochote, hata mimi niliyekuwa chumba cha pili. Mamake alimwona kwa sababu tu alikuja kwetu kuazima kiberiti. Alimvuta miguu, mtoto akakohoa, akatapika maji, ndipo akalia. Yu hai, anakimbia huku na huku, na kila nikimwona roho yangu hushtuka. Ile insha nilipata alama 16.

Ndiyo maana nasema swali la nyumbani kwetu liliulizwa visivyo. Tulibishana juu ya bahari wakati pipa letu la uani halikuwa na kifuniko! Shirika la Afya Duniani linasema mwaka wa 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Kwa hao wadogo, shirika hilo linatilia mkazo walindwe mbali na maji na mtu mwenye kazi hiyo. Mafunzo ya kuogelea na ya kuokoa mwenzako bila kujihatarisha linayapendekeza kwa watoto wa kuanzia miaka sita. Kumbe nyanya hakuwa mbali sana na ukweli. Kosa lake ni kwamba umri wa shule ulipofika kwa watoto wake na wajukuu wake, wavulana waliachwa waende ufuoni, sisi wasichana tukabaki kuosha vyombo. Mimi nina miaka kumi na sita, nimezaliwa Likoni, na sijui kuogelea. Siku ile ya ndoo ingekuwa ni bahari, ningefanya nini zaidi ya kupiga mayowe?

Nimemshauri dada hivi, na amekubali nusu. Mtoto atatimiza mwaka mwezi wa Agosti, lakini wakati huo ni wa kusi na bahari huchafuka. Tungoje kaskazi, mwezi wa Desemba, maji yakiwa matulivu na yenye joto. Dada aingie naye mwenyewe, amshike muda wote asimwachilie hata kidogo, wakae dakika chache tu, na akitetemeka watoke. Mafunzo yenyewe ya kupiga miguu na kuelea yatakuja pole pole jinsi anavyokua. Nusu ambayo dada hajakubali ni kungoja. Babu ameahidi kutomtupa mtu yeyote.

Pipa limepata kifuniko cha mbao chenye jiwe juu, na ndoo sasa hulala zimepinduliwa. Mimi nami nimemwomba kaka anifunze Jumamosi asubuhi, mahali maji yanaponifika kiunoni. Nyanya aliuliza mara moja nitavaa nini. Nikamwambia suruali ndefu na fulana ya mikono mirefu. Akanitazama, akaendelea kukuna nazi. Hajakubali, lakini pia hajakataa.