Kiungo kipya kisimnyime fundi elimu

Kila msimu wa kaskazi unapowadia, joto la Pwani huwakumbusha watu viyoyozi vyao. Wenye nyumba, maduka na hoteli huwaita mafundi, na jawabu wanalopewa wengi wao ni lile lile: gesi imepungua, sharti iongezwe. Fedha hulipwa, gesi hutiwa, chumba hupoa, na mwaka wa pili mambo huwa yale yale. Ni wachache mno wanaothubutu kuuliza gesi hiyo ilikwenda wapi.

Swali hilo tungependa walimu na wanafunzi wa vyuo vyetu vya ufundi walitafakari, hasa wakati huu ambapo kifaa kipya kimeingia katika kazi hii, nacho kinasifiwa kwamba kitaondoa taabu yote.

Kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani kina sehemu mbili, moja ndani ya chumba na nyingine nje ya ukuta. Sehemu hizo huunganishwa kwa mabomba mawili ya shaba: jembamba hupitisha gesi iliyogeuzwa kuwa kiowevu, na nene huirudisha ikiwa mvuke. Gesi hiyo haichomwi kama petroli wala hailiki kama makaa. Huzunguka tu, ikichukua joto la ndani na kulitupa nje. Kwa hiyo kiyoyozi kisichovuja hakihitaji kuongezwa gesi. Fundi anayesema gesi imepungua anakiri kwamba pana ufa mahali fulani, na mara nyingi ufa huo huwa penye kiungo cha mabomba.

Kwa miaka mingi viungo vimefanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuupanua mdomo wa bomba mfano wa tarumbeta, kisha kuukaza kwa nati. Ya pili ni kulehemu kwa moto. Njia zote mbili zataka mkono uliozoea. Nati ikikazwa kidogo, gesi hupenya. Ikikazwa kupita kiasi, shaba hupasuka. Naye anayelehemu bila kupitisha nitrojeni ndani ya bomba huacha magamba meusi ambayo baadaye huziba njia.

Sasa imekuja njia ya tatu: kiungo cha kusukuma. Bomba hukatwa, husafishwa ukingo, hutiwa alama ya kina, kisha husukumwa ndani ya kiungo hadi alama ifike mahali pake. Humo ndani mna meno ya chuma yanayolishika bomba lisichomoke, na pete ya mpira inayozuia gesi isitoke. Hapana moto, na kazi ya muda mrefu huwa ya dakika chache.

Wapo mafundi wa siku nyingi wanaokibeza kifaa hiki kwamba ni cha wavivu. Wapo pia wauzaji wanaokipamba kwamba hata asiye fundi aweza kukitumia. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimepotoka.

Wanaokibeza wanasahau kwamba gesi zenyewe zinabadilika. R-410A, ambayo imetumika sana katika viyoyozi vya nyumbani, haishiki moto, lakini huongeza joto la dunia mara 2,088 zaidi ya kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule katika muda wa miaka 100. R-32 inayochukua nafasi yake ina kipimo cha 675, ila yaweza kuwaka. Propani, ambayo nayo imeanza kutumiwa, ina kipimo kidogo sana, lakini sote twajua jinsi inavyoshika moto. Kuondoa mwali wa moto katika kazi kama hiyo, tena ndani ya nyumba ya mtu, si jambo la kudharauliwa.

Wanaokipamba nao wanasahau yale ambayo kiungo hakiwezi kuyafanya. Hakiwezi kulikata bomba likanyooka. Ukingo ukiachwa na makali, huikata pete ya mpira. Mkwaruzo mmoja juu ya bomba huwa mlango wa gesi. Bomba lisipofika kwenye alama, huenda likashika leo na kuachia baada ya miezi ya mtikisiko. Na kasoro ya kulehemu mara nyingi huonekana kwa macho, ilhali kasoro hii hufichwa ndani ya kiungo chenyewe.

Zaidi ya hayo, kuunganisha mabomba si mwisho wa kazi. Lazima yajazwe nitrojeni kavu kwa shinikizo ili kuhakikisha hayavuji, kisha hewa yote ifyonzwe kwa pampu mpaka geji ithibitishe kwamba ndani ni ombwe. Unyevu ukibaki humo, hukutana na mafuta ya kompresa na kuzaa asidi inayokila chombo polepole. Kiungo cha kusukuma hakimwondolei fundi hata hatua moja kati ya hizi.

Jambo hili halimhusu mwenye kiyoyozi peke yake. Kilo moja ya R-410A ikivuja ni sawa na kurusha angani tani mbili hivi za kaboni dayoksaidi. Ndiyo sababu Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, uliotungwa kuilinda tabaka ya ozoni, ulirekebishwa mjini Kigali mwaka 2016 ili kuzibana gesi hizi pia. Nchi nyingi zinazoendelea, zile za Afrika zikiwamo, ziliwekewa mwaka 2024 kuwa wa kusimamisha ongezeko la matumizi yake, na mwaka 2045 kuwa wa kufikia upungufu wa asilimia 80. Sekretarieti ya mkataba huo iko papa hapa Nairobi. Itakuwa aibu iwapo mji unaohifadhi mkataba utazungukwa na mafundi wasiojua kuziba tundu.

Tunapendekeza, basi, vyuo vyetu vikikaribishe kifaa hiki katika karakana badala ya kukipiga marufuku au kukiabudu. Mwalimu na akate kimoja kwa msumeno wa chuma, wanafunzi waione pete na meno kwa macho yao, ndipo waelewe kwa nini ukingo lazima usafishwe. Mafunzo ya nati na ya kulehemu yasiachwe, kwa kuwa viyoyozi vilivyokwisha kutundikwa kutani viliungwa hivyo, na wanafunzi hawa hawa ndio watakaovitengeneza. Alama za mtihani nazo zisitolewe kwa wepesi wa kuunga, bali kwa ushahidi wa geji: kazi iachwe na shinikizo la nitrojeni usiku kucha, na asubuhi isomwe tena, mabadiliko ya joto yakizingatiwa.

Walimu wa fizikia na kemia katika shule za sekondari wana nafasi yao pia. Shinikizo, mvuke, asidi na kuwaka ni mada wanazozifundisha kila mwaka. Mfano ulio juu ya ukuta wa ofisi ya shule au duka la jirani huingia akilini upesi kuliko mchoro wa kitabuni.

Wateja nao wasikubali kuuziwa gesi kila mwaka kana kwamba ni dawa ya mgonjwa asiyepona. Wamtake fundi aonyeshe panapovuja kabla ya kufungua mtungi. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kifaa kipya kimetupa njia nyepesi ya kuuziba ufa huo, lakini ni elimu ya fundi itakayomjulisha kama kweli umezibika.