Dumu Langu Lirudi

Jumatatu. Saa kumi na moja alfajiri, stejini Nyeri mjini, mlima hauonekani kwa ukungu. Abiria 14 wameshaketi, lakini matatu haiondoki kwa sababu ya mizigo. Kuna gunia la viazi lililoandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu nene, kuna nduma ndani ya mfuko wa unga, na kuna dumu la maziwa la lita tano ambalo kifuniko chake kimekazwa kwa nailoni. Mwenye dumu ni mama wa makamo aliyejifunga leso kichwani. Anamkabidhi dereva huku akimwelekeza: "Mwanangu, ukifika Thika mpigie kijana wangu wa Nairobi, aje akungoje. Na umwambie dumu langu lirudi."

Nimetembea na maneno hayo wiki nzima. Dumu tupu halina bei ya kugombania. Lakini likidaiwa, kijana wa Nairobi atalazimika kulipeleka stejini, ampigie mama yake kumwarifu liko gari gani, na mama naye ateremke kutoka Kamakwa kuja kulipokea. Watakuwa wamezungumza mara mbili kabla ya Ijumaa, na hakuna aliyetafuta nafasi ya kuzungumza.

*

Kundi la ukoo wetu kwenye simu lina watu 61. Jumanne usiku nilirudi nyuma kulisoma tangu Januari. Matanga mawili, mchango wa hospitali, harusi ya Karatina, kisha orodha za waliotuma na ambao hawajatuma. Hakuna mahali mtu ameuliza mvua imenyeshaje kwa mwenzake.

Sitailaumu M-Pesa. Tangu ilipoanza Machi 2007 imeokoa watu wengi wanaougua usiku, na baba yangu ni mmoja wao. Ila nakumbuka hela zilivyokuwa zikifika kabla yake. Aliyezileta aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akapewa chai, na hakuruhusiwa kuinuka kabla hajasema aliyezituma amekonda au amenenepa, anakaa na nani, bado anakohoa au amepona. Siku hizi hela hutangulia, salamu ikasahaulika njiani.

*

Tarehe 31 Oktoba huwa namkumbuka Nyaatha. Ndilo jina, maana yake mama wa huruma, ambalo watu wa Gikondi, kule Mukurwe-ini, walimpa Sista Irene Stefani wa shirika la Consolata. Alifika Kenya mwaka 1915 akitoka Italia, akawauguza wapagazi wa vita katika hospitali za Voi, Kilwa na Dar es Salaam, kisha kuanzia 1920 akaishi Gikondi. Alifariki Oktoba 31, 1930, akiwa na miaka 39, baada ya kumuuguza mwalimu aliyeshikwa na tauni. Mei 23, 2015 alitangazwa mwenyeheri hapa Nyeri, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, mbele ya umati ambao sijauona tena mjini kwetu.

Wengi humsimulia kwa habari ya tauni. Mimi hubaki kwenye barua. Wazazi wasiojua kusoma walimwendea awaandikie watoto wao waliokwenda kufanya kazi mbali, na jibu likija, yeye ndiye aliyewasomea. Hebu fikiria safari ya mama mmoja kati yao. Ameteka maji, amekata kuni, amelima, ana mtoto mgongoni. Anapanda na kushuka vilima vya Mukurwe-ini, na vilima vile havina tambarare ya kupumzikia, ili amwambie mgeni maneno ambayo angemnong'oneza mwanawe. Bila shaka aliyapanga njiani, akayapunguza, akabakiza yale mazito. Sidhani alikuwa na nafasi kutuzidi sisi tulio na simu mfukoni.

*

Ijumaa nilipita makaburi ya St Peter's. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alizikwa hapo Januari 1941. Kwenye jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya Skauti inayosema nimekwenda nyumbani. Mkewe Olave alifariki Uingereza mwaka 1977, miaka 36 baadaye, na majivu yake yakaletwa Nyeri kulala karibu na mumewe. Nilisimama kidogo, kisha nikampigia mke wangu, ambaye alikuwa Nanyuki kikazi. Sikuwa na la maana la kumwambia, naye hakuuliza kwa nini nimepiga.

*

Binti yangu amepewa jina la mama mzazi wa baba yangu. Kwa hiyo mzee akipiga simu huomba kuzungumza na "maitu", mama yake, naye ana miaka sita. Humuuliza amekula nini, na kama amemwekea. Asipopigiwa kwa siku tatu, mtoto hudai simu: "Mtoto wangu hajaniita."

*

Jumamosi, kahawa. Huu ndio msimu wenyewe, na mama hataki kusikia habari ya ofisi. Ndugu yangu mdogo alikuja kutoka Nanyuki. Ni mwendo wa kilomita kama 60, na hatukuwa tumeonana kwa miezi saba. Kila tulipozungumza tuliagana kwa "tutapanga".

Tulichuma hadi saa tisa, tukabeba magunia hadi kiwandani. Kabla ya kupimwa, kahawa humwagwa juu ya gunia na watu huchutama kuichambua: mbivu huku, mbichi na zilizougua kule. Macho yako chini, vidole vinakwenda, hakuna anayemtazama mwenzake. Tulikuwa tumechambua kama nusu saa aliposema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akizungumzia bei ya mbolea, kwamba hana kazi tangu Aprili.

Tangu Aprili. Nilikuwa nimempigia Mei, Juni na Agosti, nikamuuliza kazi inaendaje, akaniambia inaenda. Sikuinua kichwa. Nilimsogezea fungu la mbichi alilokuwa amelisahau, naye akaendelea kuzungumza mpaka karani wa mizani akatuita.

Jioni tulimpitia tata, dada ya baba. Alitujazia kiondo chake njahi na parachichi za kugawana, akatusindikiza hadi langoni. Kiondo hicho kiko kiti cha nyuma cha gari langu. Kwetu kiondo cha mtu hakirudi kitupu, basi nimenunua sukari na majani ya chai, na ndugu yangu amesema ataleta viazi vya Nanyuki. Tumekubaliana kukirudisha Jumamosi ijayo, sote wawili.