Mvuke Utakwenda Wapi?

Toleo hili linahusu vinu vidogo vya nyuklia, na tumeanzia mahali ambapo hakuna hata kimoja: bonde la Kilombero. Kazi ambayo vinu hivyo vinasifiwa kuiweza, yaani kutoa umeme na joto la kiwandani kwa mkupuo mmoja, watu wa kiwanda cha sukari cha Kidatu wanaifanya siku nyingi kwa makapi ya miwa.

Muwa ukishakamuliwa, makapi yanayobaki hukaribia theluthi ya uzito wake. Yanachomwa kwenye boila. Mvuke wenye shinikizo kubwa unazungusha tabo na kufua umeme. Kisha mvuke uleule, umepungua nguvu lakini ungali moto, unakwenda kuchemsha juisi ya miwa. Mtambo wa nyuklia unaofua umeme peke yake hutupa takriban theluthi mbili za joto lake majini au hewani. Kiwanda cha sukari hakina anasa hiyo.

Wapo waliokwisha kutumia nyuklia hivyo. Bilibino, kaskazini kabisa mwa Urusi, vinu vidogo vilianza kutoa umeme na joto mwaka 1974, na tangu 2020 mji wa Pevek unapashwa joto na Akademik Lomonosov, mtambo unaoelea wenye vinu viwili vya MW 35 kila kimoja. Lakini huko baridi haiendi likizo.

Kidatu ni kinyume chake. Masika ikiingia, mashamba hayapitiki, miwa haivunwi, viwanda vinafungwa kwa matengenezo. Gharama kubwa ya kinu cha nyuklia iko kwenye kukijenga, si kwenye fueli. Ukikosa mnunuzi wa mvuke miezi kadhaa kila mwaka, riba ya mkopo inaendelea kutembea. Wala huwezi kuutafutia mvuke mteja Morogoro mjini. Umeme unasafiri kwa waya hadi mwisho wa nchi. Mvuke ukipita kilomita chache umeshapoa.

Umeme peke yake nao hautoshi kuwa hoja. Maji ya Kilombero yanaishia Rufiji, na huko Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo ya MW 2,115. Anayetuletea kinu kidogo leo atushawishi kwa joto. Tena asituambie kila kiwanda ni mteja: tanuri la saruji linataka nyuzi 1,450 hivi, na mvuke wa vinu vinavyopozwa kwa maji haufiki hata 350. Na urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, inayotajwa sana siku hizi, kwa vinu vingi si fueli mpaka irutubishwe, na mitambo ya kurutubisha hatuna.

Kwa Kilombero, basi, jibu letu ni hapana. Ifakara bado kuna vilima vya pumba nyuma ya mashine za kukoboa, vingine vinaungua bure, ilhali mpunga unaanikwa kwenye maturubai huku mwenyewe akitazama mawingu. Joto la pumba hizo litumike kwanza kukaushia mpunga.

Mteja wa mvuke wa mwaka mzima atafutwe penye viwanda vilivyosongamana, Dar es Salaam na Mkuranga. Huko muuza kinu apeleke bei yake, aiweke kando ya bei ya gesi ya Songo Songo ambayo tayari iko bombani.